Stata inasuasua, betri haijai: kitrekta cha bustani, Mafinga. Mafundi watatu wamechemsha

Kitalu Mafinga
Kamwene wakuu.

Nipo Mafinga, nina kitalu cha miche ya misonobari na parachichi. Mwaka jana mwezi wa nane nilinunua kitrekta cha bustani kwenye mnada wa vifaa chakavu. Si Massey, wala si pawatila. Ni kile kidogo cha petroli, injini ya Kohler silinda moja, hospawa 12, kiumri nadhani kinanizidi. Kwangu kinavuta tela la udongo na samadi na kukata majani kati ya mistari ya miche.

Kilipofika kiliwaka bila shida. Rangi mpya, nyekundu, watoto wa jirani walikuwa wanajitazama kwenye boneti. Sasa tangu masika yaishe na baridi ianze kushika, balaa ni mbili:

Kwanza, asubuhi nikipiga ufunguo stata inazunguka kizembe, wuu... wuu... halafu inagoma ikifika kwenye mkandamizo. Nikibusti kwa betri ya pikapu inajikongoja, wakati mwingine inawaka, wakati mwingine ndiyo basi.

Pili, na hili lilianza mapema zaidi, betri haijai. Kila Jumamosi naibeba kwenda kuchajiwa stendi kama mgonjwa wa kliniki.

Fundi wa kwanza akasema betri imekufa. Nikanunua mpya ya N40, laki na nusu. Siku nne, yaleyale. Wa pili akafungua stata, akabadilisha kaboni (vile vipande vya ndani vya kupitisha umeme), akapiga msasa. Yaleyale. Wa tatu ndiye kanimaliza: alizunguka kitrekta kizima, akachungulia chini, akainuka akanambia, "Bosi, hapa waliokuuzia wamechomoa alteneta." Na mimi nilipochungulia, hicho cha kuchaji betri kweli sikukiona. Naombeni msaada kabla sijakipeleka kwa wapima kilo.

Mtoto wa Ilula
Ngoja waje wajuzi. Napiga kambi hapa, nina pampu ya nyanya yenye tabia hizohizo.

Waya Mwanjelwa
Mkuu, kwa baridi ya Mafinga N40 ni ndogo. Weka N70, funga alteneta ya gari dogo la Kijapani, zipo kibao hapa Mwanjelwa kwenye spea za mtumba. Unachonga bangili ya kuishikia, unafunga mkanda, kazi imeisha. Hayo mambo ya kutafuta ugonjwa kwenye mashine ya kale ni kupoteza muda.

Binti Makambako
Kaka Waya, usimuingize mwenzio gharama hatujui hata kinachoumwa. Mimi nauza spea, ningefurahi anunue, lakini wateja wa kununua kwa kubahatisha ndio haohao wanaorudi kesho kunitukana.

Kitalu, hebu tuambie: hiyo stata yako imekaa wapi? Ndani kwenye gurudumu la injini lenye meno, au iko pembeni imefungwa mkanda?

Kitalu Mafinga
Pembeni dada. Imefungwa mkanda, inapakana na puli ya injini. Ni dude la mviringo, refu kama chupa ya chai. Lina skrubu mbili nyuma, moja imeandikwa A, nyingine F.

Mzee wa Igawilo
Basi alteneta yako haijaibiwa, mwanangu. Unaitazama.

Dude hilo ni stata na dainamo katika ganda moja. Ukipiga ufunguo linakula umeme wa betri na kuizungusha injini kwa mkanda. Injini ikishawaka, mkanda uleule unalizungusha lenyewe, nalo linaanza kutema umeme kurudisha kwenye betri. Vitrekta vya bustani vya Marekani vya miaka ya 1960 hadi kuingia 1970 vingi vilikuja na mpangilio huo, na mara nyingi dude lenyewe ni la kampuni ya Delco-Remy. Kwenye mashamba ya chai huku Rungwe tulikuwa navyo viwili vya kukatia majani ya bustani za mabwana, ndipo nilipovijua.

Waya, kijana wangu, kuhusu kufunga alteneta: ukilitoa dude hilo, stata utaifunga wapi? Injini za namna hiyo aghalabu gurudumu lake halina meno. Hakuna pa kung'ata bendiksi, ile gia ndogo ya stata. Utabaki na betri iliyojaa na injini isiyozungushwa na kitu.

Waya Mwanjelwa
Aaah. Hapo mzee umenifunga goli. Sikujua.

Mzee wa Igawilo
Si kosa, mashine zenyewe ni adimu.

Kitalu, una mita? Ile ya elfu kumi na tano inatosha. Usinunue kitu kingine chochote mpaka tupime. Na kabla ya mita, fanya jambo moja la bure: toa plagi, shika puli ya injini kwa mkono uizungushe. Ikiwa nzito hata bila plagi, ugonjwa si wa umeme. Utazame pia mkanda. Ukiubonyeza kwa dole gumba katikati uingie kidogo tu. Ukiwa umelegea utasikia unapiga kelele wakati wa kuwasha, na ukiukaza kama uzi wa zeze utakula beringi za dainamo. Niambie pia umeweka oili gani.

Kitalu Mafinga
Shikamoo mzee. Mita ninayo, ilinunuliwa na fundi wa pili kwa hela yangu akaisahau.

Puli inazunguka laini plagi ikiwa nje. Mkanda uko sawa, hauna oili. Oili ni namba 40, ndiyo waliyonipa dukani.

Mzee wa Igawilo
Marahaba. Namba 40 kwa asubuhi ya Mafinga mwezi wa sita ni asali. Injini hiyo inataka namba 30. Ila hiyo peke yake haiwezi kukufanya ubebe betri kila Jumamosi, kwa hiyo tuiweke pembeni.

Sasa sikiliza taratibu. Hakikisha gia iko huru na mashine ya kukatia imezimwa. Chomoa waya mwembamba wa koili ya plagi ili injini isiwake. Mwite mtu akae kwenye kiti akupigie ufunguo, sekunde tatu tatu, si zaidi, apumzishe katikati. Ufunguo ukiwa umepigwa, yaani stata ikiwa inazunguka, nipimie haya:

Moja, kichwa cha chanya cha betri hadi kichwa cha hasi. Ncha za mita ziguse risasi ya betri yenyewe, si kikamatio cha waya.
Mbili, skrubu ya A hadi ganda la dainamo. Kwaruza kidogo upate chuma kitupu.
Tatu, chanya ya betri hadi skrubu ya A.
Nne, hasi ya betri hadi ganda la dainamo.

Hizo mbili za mwisho watu hawazipimi, na humo ndimo wezi wanamojificha. Pima pia betri ikiwa imetulia, kabla ya kugusa chochote.

Dereva Tunduma
Samahani mzee kwa kuingilia. Mimi najua njia fupi, unagusisha bisibisi kwenye solenoidi, ile swichi nene ya kupeleka umeme kwenye stata, kwenye mikia yake miwili minene. Ikizunguka kwa nguvu, ugonjwa uko kwenye swichi ya ufunguo.

Binti Makambako
Njia fupi hiyo ilimfanya shemeji yangu aingize trekta kwenye ghala la mahindi, aliacha gia ndani. Tundu lipo mpaka leo, wameliziba kwa bati.

Mzee wa Igawilo
Inafanya kazi, Dereva, siipingi. Lakini gia iwe huru na miguu yako isiwe mbele ya tairi. Ila kwa huyu stata inazunguka, tena kila akipiga ufunguo. Swichi na solenoidi vinaitikia. Shida ni kwamba kinachofika ni kidogo.

Kitalu Mafinga
Nimepima. Dogo wa kitaluni ndiye alikuwa kwenye ufunguo.

Betri imetulia: 12.7
Stata inazunguka:
Chanya hadi hasi: 10.8
A hadi ganda: 8.1
Chanya hadi A: 0.4
Hasi hadi ganda: 2.3

Sielewi maana yake ila nimeandika kama nilivyoona.

Mzee wa Igawilo
Umepima vizuri kuliko mafundi wako wote watatu.

Betri imetulia kwenye 12.7, hiyo imejaa. Ingekuwa 12.2 ningesema ni nusu, na 12.0 ningekwambia usipoteze muda, kaichaji kwanza. Ikiwa kazini inabaki 10.8, nayo ni nzuri. Ikishuka chini ya 9.6 ndipo ningeitilia shaka. Kwa hiyo betri yako ni mzima. Na naogopa kukwambia, hata ile ya kwanza huenda ilikuwa nzima.

Tazama sasa. Betri inatoa 10.8, dainamo inapokea 8.1. Volti 2.7 zimepotelea njiani. Njia ya kwenda, yaani waya mnene wa chanya, solenoidi na viungio vyake vyote, imekula 0.4. Hiyo inavumilika. Njia ya kurudi imekula 2.3! Hapo palitakiwa pasome 0.2 au chini ya hapo.

Umeme hauendi tu, lazima urudi nyumbani. Kwako unaenda vizuri, unarudi kwa kutambaa. Fuata waya wa hasi toka kwenye betri. Unaishia wapi?

Kitalu Mafinga
Unaishia kwenye chesisi, chini ya kiti. Bolti ya spana 13.

Mzee wa Igawilo
Ifungue. Usinambie kitu mpaka uione chini yake.

Mtoto wa Ilula
Hapa sibanduki. Chai imepoa.

Kitalu Mafinga
Wakuu.

Rangi.

Chini ya kile kikamatio kuna rangi nyekundu nene kama plastiki. Walipopuliza rangi hawakuziba kitu, wakafunga bolti juu yake. Kwenye nyuzi za bolti ndipo palikuwa na mkwaruzo umegusa chuma, nao umeota kutu ya kijani na kahawia. Nikaenda kwenye bolti za injini zinapokaa kwenye chesisi: rangi. Sahani inayoshika dainamo: rangi. Kitu chote kimevikwa koti.

Binti Makambako
Nilijua tu! Mashine inayong'aa mnadani mimi huwa naiogopa kuliko yenye kutu. Ya kutu unaona ugonjwa wake.

Mzee wa Igawilo
Ndiyo maana kilipofika kiliwaka. Ule mkwaruzo wa bolti ulikuwa mpya, ukapitisha umeme wa kutosha. Masika yakaingiza maji, kutu ikaota, njia ikaziba kidogokidogo. Halafu ikaja baridi: oili nzito, betri nayo ikiwa na ubaridi hutoa nguvu pungufu. Yote yamekukuta kwa pamoja ukadhani ni ugonjwa wa ghafla.

Toa kikamatio cha hasi kwanza. Kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, sehemu ya upana wa sarafu tu, huna haja ya kuharibu rangi yote. Msasa, kisha funga, kaza, halafu juu yake ndipo upake grisi. Juu, si katikati. Ongeza waya mnene mmoja toka hasi ya betri moja kwa moja hadi bolti ya injini, usitegemee chesisi kuwa barabara. Kisha pima vilevile vinne.

Kitalu Mafinga
MREJESHO WA KWANZA

Nimekwangua sehemu tatu, nimeongeza waya wa unene wa kidole toka kwenye kebo ya kubusti iliyokatika.

Chanya hadi hasi: 10.3
A hadi ganda: 9.7
Chanya hadi A: 0.4
Hasi hadi ganda: 0.2

Inazunguka kama feni! Nimerudisha waya wa koili, imewaka kwa mpigo wa kwanza. Dogo kapiga vigelegele.

Swali moja mzee: mbona betri sasa imeshuka? Mwanzo ilikuwa 10.8, sasa 10.3. Nimeharibu kitu?

Waya Mwanjelwa
Hata mimi nilitaka kuuliza hilo.

Mzee wa Igawilo
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Mwanzo umeme ulikuwa unapita kwenye tundu dogo, betri ilikuwa haifanyi kazi sana, ndiyo maana volti zake zilibaki juu. Sasa tundu limefunguka, ampea nyingi zinapita, betri inasukuma kwelikweli na inainama kidogo. Mtu aliyebeba gunia anainama, asiyebeba kitu anasimama wima. Usimwone aliyesimama wima ukadhani ndiye mwenye nguvu.

Na kuna faida nyingine. Kohler za zamani za aina yako nyingi koili ya plagi inakula umeme wa betri hiyohiyo. Volti zikipotelea kwenye njia ya kurudi, cheche nayo inakuwa dhaifu saa ileile unapoihitaji. Kwa hiyo uliporudisha volti kwenye stata, umerudisha na cheche.

Sasa twende kwenye chaji. Injini ikiwaka, betri inasoma ngapi?

Kitalu Mafinga
12.5 ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole bila kukanyaga mafuta. Nikikanyaga mafuta, 12.5. Baada ya robo saa, 12.4. Geji ya ampea kwenye dashibodi imelala katikati, haijawahi kutikisika tangu ninunue. Nilidhani ni pambo.

Dereva Tunduma
Hapo kaboni. Au amecha, ule mhimili wa ndani wenye koili, imeungua.

Mzee wa Igawilo
Amecha iliyoungua ingeizungushaje injini kama feni, Dereva? Ni dude lilelile. Likiwa stata nzuri, kaboni zake na amecha yake zina uhai. Hapo mashine hizi zinakusaidia, nusu ya kipimo umeshakifanya ulipowasha.

Kinachobaki ni koili za sumaku, waya, na reguleta, yaani kichunga volti. Tafuta reguleta: kijisanduku cheusi cha bati, kama kiberiti kikubwa, chenye nyaya tatu.

Kitalu Mafinga
Kipo chini ya dashibodi. Kina BAT, GEN na F. Nacho wamekipuliza rangi. Mzee nimeanza kupata picha...

Mzee wa Igawilo
Usikimbilie. Tuthibitishe kwanza, maana tukikisia tutakuwa kama fundi wa kwanza.

Ndani ya kisanduku hicho kuna vijirelei. Mmoja ni katauti: dainamo ikitema umeme wa kutosha unafunga njia ya kwenda betri, ikilala unaikata, betri isije ikarudi kuizungusha dainamo. Mwingine unachunga volti zisipande kupita kiasi. Unachunga kwa kuipa au kuinyima ethi, yaani njia ya kurudi hasi ya betri, ile skrubu ya F. F ikipata ethi, koili za sumaku zinapata nguvu, dainamo inatema. F ikikosa ethi, dainamo inazunguka bure kama feni ya dirishani.

Sasa jiulize: reguleta yenyewe ethi inaipata wapi? Haina waya wa ethi. Inaipata kwenye miguu yake, pale ilipofungwa skrubu.

Fanya hivi. Injini ikiwa inaenda mwendo wa kati, pima A hadi ganda. Kisha izime. Chomoa waya wa F kwenye dainamo. Washa tena, mwendo wa kati uleule, chukua kipande cha waya ugusishe skrubu ya F na ganda la dainamo, sekunde mbili tatu tu, huku unatazama mita kwenye A. Usikanyage mafuta zaidi, maana hapo hakuna anayezichunga volti. Ikifika 15 achia.

Zikipanda, dainamo ni nzima, mwizi ni reguleta au waya zake. Zisipopanda, tutafungua dainamo.

Mtoto wa Ilula
Mzee unafundisha bure vitu ambavyo watu wanalipia ada. Ubarikiwe.

Kitalu Mafinga
Kabla: A hadi ganda 1.6.
Nilipogusisha F: ikaruka 9, 12, 15, nikaachia mkono unatetemeka.

Mzee wa Igawilo
Hiyo 1.6 ni usumaku uliobaki kwenye chuma chake. Dainamo yako ni nzima kabisa.

Zima. Chomoa hasi ya betri, kisha nyaya zote tatu za reguleta. Weka mita kwenye omu, kipimo cha kuona kama umeme una njia, mguu wa reguleta hadi ganda la injini.

Kitalu Mafinga
Hakuna njia kabisa. Mita imebaki ileile kama ncha zinaning'inia hewani.

Yaani tangu nimenunua, kitrekta hiki hakijawahi kuchaji hata siku moja. Mwezi ule wa mwanzo nilikuwa naendesha betri waliyoniuzia nayo ikiwa imejaa, kisha nikaanza safari za stendi.

Waya Mwanjelwa
Rangi tena! Mkuu, huyo mpiga rangi ana kesi ya kujibu.

Mzee wa Igawilo
Kwangua chini ya miguu yote ya reguleta na pale inapokaa. Ongeza kijiwaya toka mguuni hadi bolti ya injini. Rudisha nyaya zote, na ule wa F kwenye dainamo. Ukimaliza, kabla ya kuwasha, injini ikiwa imezimwa, chukua kipande cha waya ugusishe BAT na GEN mara moja tu, ipige cheche ndogo, basi. Hiyo ni kuikumbusha dainamo chanya iko upande gani. Vitabu vya mashine hizi vinaagiza hivyo kila reguleta ikiguswa. Wenye alteneta msiige, mtaunguza daiodi.

Na wasomaji wengine, uchokozi wa kufungua kifuniko cha reguleta na kukunja vile vibati vya ndani, acheni. Nimeona reguleta nyingi zimeuawa kwa bisibisi kuliko kwa uzee.

Binti Makambako
Naongezea kwa niliyoyaona dukani. Ukizima injini halafu dainamo ikabaki inaguna au inapata joto, kimbia chomoa hasi ya betri. Vidole vya katauti vinakuwa vimegandana, betri inajimwaga kwenye dainamo. Mteja wangu mmoja alilala, alfajiri betri imekauka na dainamo ya moto kama pasi.

Kitalu Mafinga
MREJESHO WA PILI

Jana jioni nimekwangua, nimeweka kijiwaya, nimegusisha mara moja kama alivyosema mzee. Nimebadilisha na oili, namba 30 niliipata Iringa mjini kwa dereva wa basi, maana dukani hapa wananishangaa.

Leo saa kumi na mbili asubuhi, ukungu hauoni mche wa pili, majani meupe kwa jalidi. Nimevuta choki, nimepiga ufunguo. Wuu-wuu, ikawaka. Nikapandisha mwendo kidogo, nikasikia "tik" chini ya dashibodi, na ile geji niliyoiita pambo ikaruka upande wa jumlisha mpaka 8! Nimeikodolea macho kama mtu aliyeona mfu anapiga chafya. Mita kwenye betri: 14.2. Baada ya dakika ishirini geji imeshuka yenyewe hadi 2.

Jambo moja linanitisha: nikiirudisha sailensa, "tik" tena, geji inalala na volti zinarudi 12.7. Ni ugonjwa?

Mzee wa Igawilo
Ni afya. Hiyo "tik" ni katauti. Dainamo si alteneta. Ikizunguka polepole haitemi cha maana, kwa hiyo katauti inakata. Usikiache kinanguruma sailensa nusu saa ukidhani kinachaji. Kifanyie kazi kwa mwendo wake, na taa usiwashe kama huhitaji, uwezo wa vidude hivi ni wa ampea chache, si kama wa gari.

Kushuka kwa geji nako ni sawa. Betri ilikuwa na njaa, sasa imeshiba, inadokoa. 14.2 kwa asubuhi ya baridi siigusi.

Dereva Tunduma
Mzee nimekubali. Mimi ningekuwa nimeshafungua amecha nipo nayo barabarani natafuta wa kuisuka.

Mtoto wa Ilula
Na mimi nina mrejesho wangu mdogo. Kusoma hapa nikaenda kwenye ile pampu, nikafungua ethi. Haina rangi, ila waya ulikuwa umeliwa wote ndani ya plastiki, umebaki unga wa kijani. Nje unauona mzima! Nimeukata nimefunga mwingine, inapiga maji muda huu. Nyanya zinawasalimu.

Waya Mwanjelwa
Kitalu, ukija Mbeya nipitie, nikupe kikamatio cha betri cha shaba bure, kufidia ushauri wangu wa alteneta.

Binti Makambako
Na ile betri ya kwanza, ambayo mzee alisema huenda ilikuwa nzima, bado unayo? Ningeijaribu kwenye mzigo hapa dukani.

Kitalu Mafinga
Waya, nakuja, usijifiche.

Dada, hilo swali nilikuwa naomba lisiulizwe. Niliiuza kwa wanunua chuma chakavu, elfu kumi na tano. Wiki iliyopita nimeingia kwa kinyozi wa stendi, nikaketi, nikatazama chini ya meza. Ipo pale, na alama yangu ya rangi ya kucha ubavuni. Inaendesha mashine ya kunyolea, taa mbili na redio. Nikamuuliza ameipata wapi, akasema, "Bosi, kuna watu wana hela za kuchezea, wanatupa betri nzima."

Nikanyolewa nikalipa.